Kipanga Asiyeanguka

Sengondo hakuwa mtu wa kutulia, na siku ile ndiyo kabisa. Alikaa juu ya debe, akainuka. Akashika spana, akaiweka, akaanza kuitafuta na iko mbele ya macho yake. Alikwenda mpaka mlangoni pa hanga, lile banda la ndege, akatazama mbinguni, akarudi ndani akijiambia kwamba hakwenda kutazama kitu. Mafundi wenzake walimwona wakajifanya hawamwoni. Kipanga alikuwa ameondoka asubuhi, jua sasa limeshavuka utosi, na mafuta aliyotiwa yasingeweza kumweka hewani hata nusu ya muda ule. Hilo walilijua wote na hakuna aliyelisema.

Usiniulize vile vilikuwa vita vya nani na nani. Wenyewe waliokuwa wakipigana hawakuwa na hakika. Katika nchi ile watu walizaliwa wakavikuta vita vipo, wakazeeka wakaviacha vipo, na katikati hapo wakaoa, wakalima, wakagombana na majirani juu ya mipaka ya viwanja. Maadui nao hawakudumu. Waliokuwa maadui wa kaskazini waligeuka ndugu, ndugu wakageuka maadui wa kusini, na zilikuwepo nchi zilizopigwa mabomu miaka nenda miaka rudi ambazo sasa huzioni tena kwenye ramani yoyote. Kitu kimoja tu kilikaa vile vile, nacho ni Kipanga. Ilikuwa ndege ya kivita ya kiti kimoja, pangaboi puani, bunduki mabawani, na pale kambini walimzungumzia kama mtu. Ilisemekana alikuwepo tangu risasi ya kwanza. Ilisemekana hajaanguka hata siku moja. Mawaziri walipoishiwa na la kusema redioni walisema hilo, na watu wakalala.

Na Kipanga hakuruka bila kutajwa. Kila asubuhi kikosi kilipanga mistari mbele ya hanga, rubani akapanda akafunga mkanda, kisha fundi mmoja akaweka kiganja puani pa ndege akaanza kuisema historia yake yote, vita kwa vita, jeraha kwa jeraha, na kila alipofika mwisho wa tukio kikosi kizima kiliitikia neno moja.

"Akapaa juu ya Kilima cha Chumvi, injini ikashika moto."

"Akarudi."

"Akavizia daraja la Ng'ambo, akatobolewa bawa la kulia mpaka mbingu ikaonekana upande wa pili."

"Akarudi."

Hivyo hivyo, kutoka vita vya babu zao mpaka vya juzi. Historia ilikuwa imerefuka mno. Walianza kutaja umande ukiwa majanini wakamaliza jua linachoma shingo, na adui, sijui kwa adabu au kwa uvivu, alingoja. Fundi mwenye kazi hiyo ndiye Sengondo. Alikuwa na sauti nzuri, na hiyo ndiyo iliyomponza.

Sasa hapa ndipo watu huanza kunitazama kwa jicho la pembeni, lakini nitasema tu. Kipanga alikuwa ameshaanguka, tena si mara moja. Ila asiporudi, hakuna aliyesema hajarudi. Siku ile ile Kanali Mlawa, mkuu wa kambi, aliamuru kasha lifunguliwe. Makasha yalipangwa nyuma ya jiko, na ndani ya kila moja ililala ndege isiyo na jina, imepakwa grisi. Mafundi waliiunga, wakaichora kichwa cha kipanga ubavuni na jina mkiani, wakaitoboa matundu mawili matatu na kuyaziba, ili ionekane imeona mambo. Kesho yake ikatajwa, na ikishatajwa, basi ndiye. Rubani hali kadhalika. Aliletwa kijana mwingine, akapewa jina la aliyekwenda, na kitanda chake, na kikombe chake. Rubani wa Kipanga aliitwa Luteni Mbaruku. Siku zote aliitwa Luteni Mbaruku.

Mbaruku huyu aliyeondoka asubuhi ile alikuwa rafiki wa Sengondo, mtu wa masihara. Akishafunga mkanda alimnong'oneza, "Fundi, leo fupisha basi, nimekunywa chai nyingi," na Sengondo, kwa kumkomoa tu, alirefusha. Hata asubuhi ile alirefusha. Sasa akizunguka hangani wazo hilo halikumwacha, kwamba rafiki yake muda wake wa mwisho juu ya ardhi aliumaliza amebana mkojo, akisikiliza sifa.

Alasiri kasha likafunguliwa. Sengondo alipewa brashi, maana na mwandiko wake ulikuwa mzuri vile vile. Aliandika herufi mbili, mkono ukagoma. Akaushika kwa mkono wa pili akamaliza. Pembeni yake Kanali alikuwa akizungumza na kijana aliyeshuka kwenye lori na begi la turubai, kijana mrefu, shingo nyembamba, aliyekuja na jina la Chande.

"Kuanzia sasa wewe ni Luteni Mbaruku," Kanali alimwambia.

"Ndiyo, afande."

"Una mke. Kota ya pili kutoka kwenye bomba la maji. Kesho utakwenda nyumbani."

"Afande, mimi sijaoa."

"Mbaruku ameoa," Kanali alisema, akampa makubadhi yaliyokuwa yamebaki chini ya kitanda.

Kesho yake Sengondo aliweka kiganja puani pa ndege mpya. Grisi ya kasha ilikuwa bado inanuka. Akataja yote aliyokuwa akitaja, na alipofika kwenye tukio la jana akasema, "Akaenda kusini kuzuia mabomu," na kikosi kikaitikia kwamba akarudi, kwa sauti moja, wala hakuna aliyekohoa. Mawingu yalikuwa yameshuka asubuhi ile kwa hiyo Kipanga hakuruka. Chande alivaa makubadhi akaenda nyumbani.

Adhuhuri Mwanakheri, mke wa Mbaruku, akaja kwenye waya unaozunguka kambi. Alikuwa amejifunga khanga mbili, bangili za kioo zimejaa mkononi, na macho makavu. Sengondo alipomwona alitamani ardhi ipasuke. Alikwenda lakini.

"Shemeji, kuna mtu kaja kwangu," Mwanakheri alisema.

"Najua, shemeji."

"Kabisha hodi, nikakimbia kufungua. Naona makubadhi ya mume wangu yamevaliwa na mtoto wa watu. Ananiambia nimerudi. Namuuliza, umerudi kutoka wapi, baba? Ananijibu, sijui, nimeambiwa niseme nimerudi."

"Ukamfanyaje?"

"Nikampa kiti barazani na kikombe cha chai. Ningemfanyaje? Yule hata kula hajala." Alishika waya kwa vidole vyote. "Nisikilize, Sengondo. Mke wa aliyekufa ana hukumu yake, anakaa eda. Mke wa aliyepotea naye ana hukumu yake, anangoja. Mimi wangu hajafa, hajapotea. Karudi. Nimekwenda kwa imamu anisomee khitma, kaniambia, Bi Mwanakheri, mumeo ametajwa asubuhi, watu wote wamesikia, nitamsomeaje mtu aliyetajwa? Jirani anataka kunikumbatia anaogopa. Natembea ndani ya nyumba kutoka ukuta mpaka ukuta. Nikikaa naona nimemkalia mtu."

Sengondo aligeuka kutazama kama kuna anayewasikia.

"Na nitakuambia jambo ambalo wenzangu wa kota wanalijua na hawalisemi," Mwanakheri aliendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Huyu rafiki yako siye niliyeolewa naye. Mbaruku niliyeolewa naye alikwenda nikiwa bado na hina mikononi. Kesho yake akabisha hodi mwingine. Nilikuwa mdogo, nikanyamaza, nikampikia. Nilimchukia mwaka mzima. Halafu siku moja namsikia anacheka na muuza samaki pale nje, nikajikuta nimesimama dirishani, namsikiliza, na moyo umelainika wote. Nikampenda, Mungu anisamehe, kama sijawahi kupenda. Jina lake la kwao alinipa sikioni. Mkumbwa. Sasa nina wawili wa kuwalilia, na ruhusa ya kumlilia hata mmoja sina. Wa tatu yuko barazani anakunywa chai."

"Unataka nini kwangu, shemeji?"

"Neno moja. Kesho ukitaja, sema hakurudi. Mimi nitakuwa hapa hapa. Nikisikia nitavua hizi bangili, nitaingia ndani, nitakaa eda kama mtu mwenye mume wake."

"Nikisema hivyo nimekwisha. Anayetolewa pale getini hatoki na kitu. Hata jina halibebi. Sengondo ni jina la kambi."

Mwanakheri aliachia waya.

"Na la kwenu ulilipeleka wapi?" alimuuliza, akaondoka.

Sengondo alirudi hangani akaanza kufuta boliti zilizokwisha kufutwa, akijiwazia. La kwetu. Nilikuja hapa na jina, lazima, mtu haji duniani hivi hivi. Niliposhuka kwenye lori palikuwa na mzee, alinifundisha kutaja, kiganja chake juu ya kiganja changu, na watu wakimwita yeye Sengondo. Kisha siku moja wakaniita mimi, na mzee hayupo, na sikuuliza. Kwa nini sikuuliza? Kulikuwa na kazi. Kulikuwa na chai. Mama alikuwa akiniita kutoka uani chakula kikiiva. Sauti yake naisikia mpaka leo, inapanda mwishoni kama anauliza. Sauti naisikia. Neno lenyewe silisikii. Na kama huko kwetu nako wamepelekewa mtu? Amekaa kwenye kigoda changu, anaitwa, anaitika. Anakula wali wangu. Basi huyu anayefuta boliti ni nani?

Swali hilo lilimzungusha hanga nzima. Alisimama mbele ya Kipanga akamtazama kwa muda mrefu, yule ndege wa kasha, aliyepigana vita vyote na hajawahi kupaa. Watu wanasema kwamba kudumu ni neema, na kila mtawala aliyepita nchi ile alitaka kudumu, akajichongea sanamu, akaita barabara kwa jina lake. Lakini Sengondo alijiuliza jambo jingine. Kitu kisichoruhusiwa kufa, kiliwahi kuishi? Maana kama Kipanga hajaanguka, basi yule aliyeanguka hakuwa Kipanga. Na kama hakuwa Kipanga, hakuna aliyeruka jana. Na kama hakuna aliyeruka, Mkumbwa hakucheka na muuza samaki, na mwanamke mmoja hakusimama dirishani. Ukimnyima mtu kifo chake umemnyang'anya na asubuhi zake zote za nyuma. Unamfuta kuanzia mwisho kwenda mwanzo, taratibu, mpaka unafika uani kwa mama yake, na mama anaita na mdomo wake hautoi jina. Sengondo aliona kichwa kinamzunguka. Alikwenda kunywa maji, akarudi, akaenda tena kunywa.

Kabla jua halijapungua makali akaja mkulima mmoja kutoka upande wa kusini, jina lake Ndahani, anasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga kwa mpira kipande cha mkia wa ndege. Jina lilikuwa bado linasomeka, na Sengondo aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Kanali Mlawa alitoka nje akamkaribisha mgeni kiti kivulini.

"Kimeanguka shambani kwangu, wakubwa," Ndahani alieleza. "Kwenye muhogo. Mtu alikuwa ndani, tulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Tumemwosha, tumemsalia, tumemzika, maana jua lenyewe mnaliona. Sasa nimekuja mnipe jina lake. Tunamwombea hivi hivi, yule, yule, haipendezi."

"Umesoma kilichoandikwa hapo?" Kanali alimuuliza kwa upole.

"Nimesomewa. Kipanga."

"Na pale juani ni nani?"

Ndahani alitazama. Kipanga alikuwa amesimama juani, mzima, jina mkiani. Akatazama kipande chake. Akatazama juani tena.

"Kipanga," alikubali.

"Na yule aliyekaa pale ndiye rubani wake, Luteni Mbaruku. Mbaruku, msalimie mzee."

"Shikamoo," alisema Chande, ambaye tangu arudi kutoka kota hakuwa ameinua macho.

"Marahaba, mwanangu." Ndahani alifikiri sana. Alikuwa mtu mwema, aliyezoea kuamini kwamba wenye nguo za serikali wana sababu. "Basi mimi nimezika nani?"

"Adui. Siku hizi wanatuiga. Wanaandika jina letu ili watuvunje moyo."

"Adui," Ndahani alirudia. "Mfukoni alikuwa na kashata, imefungwa kwenye karatasi."

"Maadui nao wanakula."

"Hilo kweli." Akainuka, akakaza mpira wa baiskeli. "Basi bati hili nitaezekea banda la kuku, kama hamlitaki. Na yule nitamwacha tu pale pale. Hata adui si amekwisha kuzikwa?"

Sengondo alimsindikiza mpaka getini, ati anamshikia baiskeli. Huko nje akamuuliza rubani alivyoanguka. Ndahani hakuficha kitu. Alisema ndege ilikuja inazunguka, bawa la kushoto halipo, inaelekea moja kwa moja kwenye nyumba yake, na wanawe walikuwa uani wanapura mtama. Walimwona rubani. Walimwona anavuta usukani kwa mikono miwili, ndege ikapinda kidogo, kidogo tu, ikapita nyuma ya jiko ikajikita kwenye muhogo. "Nimeambiwa ni adui," Ndahani alisema, "lakini mke wangu hataki kusikia. Tangu jana analia. Sasa nitamwambia aache." Akapanda baiskeli, akaenda zake kumnyamazisha mkewe.

Sengondo alitoka pale moja kwa moja hadi ofisini kwa Kanali. Hakubisha hodi.

"Afande, tumtaje alivyoanguka. Mara moja tu."

Kanali Mlawa hakukasirika. Alikuwa mtu mchovu, na uchovu ulimpa upole fulani ambao watu waliuogopa kuliko ukali. "Kaa," alisema. Sengondo alikaa, akainuka.

"Nchi hii imebakiwa na nini?" Kanali aliuliza. "Madaraja hakuna. Ng'ombe wameliwa. Imebakiwa na neno moja, na neno hilo linatoka kwako kila asubuhi. Ukisema hakurudi, watauliza nani alikwenda. Ukiwaambia, watauliza nani alimtuma. Wakijua hilo watauliza kwa nini. Mimi nitawajibu nini? Mimi mwenyewe kazi hii nilikabidhiwa, nikaambiwa usiiangushe."

"Ulikabidhiwa na nani?"

"Na Kanali Mlawa," alijibu. Nje mtu alikuwa akifua, wakasikia maji yanamwagwa. "Nenda ukapumzike, Sengondo. Kesho asubuhi mbingu itakuwa safi, Kipanga lazima aruke."

Asubuhi mbingu ilikuwa safi kweli. Kikosi kilipanga mistari, Chande akapanda akafunga mkanda, kofia ya rubani imemzidi kichwa. Kwenye waya alisimama Mwanakheri, na nyuma yake wanawake wa kota, kila mmoja na ndoo, wanajifanya wamekuja bombani. Sengondo aliweka kiganja puani pa ndege.

Alitaja. Alitaja Kilima cha Chumvi na daraja la Ng'ambo, alitaja nchi zilizofutika na mito iliyokauka, na baada ya kila tukio kikosi kiliitikia, akarudi, akarudi, huku mawazo ya kila mmoja yakiwa kwenye uji. Jua likapanda. Hatimaye akafika pale.

"Akaenda kusini kuzuia mabomu."

"Akarudi."

Hapo ndipo pa kushusha kiganja. Pangaboi lilikuwa likingoja, Kanali alikuwa ameshageuza mguu aondoke. Sengondo hakushusha.

"Akapigwa bawa la kushoto, likang'oka."

"Akarudi," kikosi kiliitikia, maana ulimi uliozoea hauulizi.

"Akaona nyumba mbele yake, na watoto uani, akavuta usukani kwa mikono miwili asiwaue."

"Akarudi."

"Akaangukia shamba la muhogo."

"Akarudi." Lakini sasa neno lilitoka limekatikakatika. Katika mstari wa nyuma mtu alilianza akalimeza.

"Aliyekuwa ndani akakata roho kabla hajafikiwa na mtu."

Waliitikia wachache, na waliitikia kwa kuulizana.

"Akaoshwa na watu asiowajua, akazikwa pale pale, na mwanamke asiyemjua akamlilia."

"Akarudi." Ilikuwa sauti moja. Ilikuwa ya Kanali Mlawa, amesimama peke yake, mikono nyuma, na sauti yenyewe ilikuwa imepasuka.

"Jina lake Mkumbwa," Sengondo alisema.

Hakuna aliyeitikia, Kanali naye hakuitikia. Sengondo alingoja kama desturi inavyotaka, kisha akalisema neno lenyewe, bila kupaza sauti, kama mtu anavyowaambia wa nyumbani.

"Hakurudi."

Kwenye waya bangili zilidondoka moja moja. Kisha Mwanakheri alilia. Alilia kilio ambacho kilikuwa na miaka ndani yake, cha Mkumbwa na cha yule wa kabla yake aliyemwacha na hina mikononi. Mwanamke wa jirani aliweka ndoo chini akaanza naye, lakini yeye hakumlilia Mkumbwa, aliita jina jingine. Na wa pembeni yake jingine. Majina yalipita kwenye waya, majina ambayo kambi haikuwahi kuyasikia, ya marubani, ya wapiga mizinga, ya wapishi, na askari walisimama kwenye mistari wakiyasikiliza, na mmoja mmoja wakaanza kuelewa wamelala vitanda vya nani.

Kanali Mlawa hakufoka. Alimwendea Sengondo, akauinua mkono wake kutoka kwenye ndege taratibu, kama anaondoa kikombe mezani. Akamshika fundi mwingine aliyekuwa karibu, akauweka mkono wake mahali pale pale.

"Sengondo," alimwambia huyo mwingine, "malizia."

Yule fundi alilamba midomo. Alimtazama mwenzake, akatazama chini. "Akarudi," alisema. Waliomwitikia walikuwa wachache, lakini walitosha. Pangaboi likazunguka. Chande, juu kule, aligeuza shingo akawatazama wanawake waliokuwa wakilia, kisha kioo kikafungwa, na Kipanga akapaa kuelekea kusini.

Yule aliyekuwa Sengondo walimtoa getini, bila kofia, bila chochote. Sijui nimwite nani kuanzia hapa. Nitamwita yule mtu.

Yule mtu alikwenda kota. Alikuta mkeka umeshatandikwa nje, majirani wameanza kukaa, imamu amefika kimya kimya na kitabu kwapani, na hakuna aliyemuuliza amekuja kwa ruhusa ya nani. Alipewa nafasi. Alikaa, na kwa mara ya kwanza tangu juzi miguu yake ilikubali kukunjwa. Ndani, nyuma ya pazia, Mwanakheri alikuwa ameanza eda.

"Shemeji, upo?" aliita kutoka ndani, sauti imekauka kwa kulia.

"Nipo."

"Yule mtoto aliyepanda leo. Kwao anaitwa nani?"

"Chande."

"Chande wa nani?"

"Sikuuliza."

"Mama yake yuko wapi?"

"Sikuuliza, shemeji. Hakuna aliyemuuliza."

Jirani alipitisha kikombe cha kahawa, yule mtu akakishika asikinywe.

"Akirudi, muulize," Mwanakheri alisema.

"Na asiporudi?"

"Mkeka usikunjwe," Mwanakheri alisema.

Yule mtu aliweka kikombe chini, akainuka, akatoka hadi uwazini ambako mbingu ya kusini inaonekana yote. Maisha yake yote alikuwa akisikia kwamba Kipanga karudi, hata kabla hajarudi, kwa hiyo hakuwahi kumngoja waziwazi. Sasa alisimama juani, kiganja juu ya macho, akisikiliza kama kuna mlio. Kijana alikuwa huko juu peke yake, na mafuta yalikuwa yakipungua, na yule mtu hakujua kama atarudi.